Matanga ya Suruali

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na mnayaona si mengi wala sina ya kuchezea, kwamba haya ni kweli tupu kuanzia utosini hadi unyayoni. Chumvi sikuongeza, chumvi yenyewe daktari alinikataza tangu nistaafu. Nchi yenyewe sitaitaja. Iko mbali sana na hapa, viongozi wake hawafanani hata kidogo na wa kwetu, na mtu akihisi anamfahamu mmoja wao, hisia hizo ni zake, aondoke nazo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na soko la mitumba lililoitwa Inama. Jina lilitokana na kazi yenyewe: nguo zilimwagwa chini juu ya turubai, na aliyetaka kununua ilibidi ainame, awe tajiri awe maskini. Mle ndani cheo hakikuonekana, maana mtu aliyeinama unamwona upande usio na cheo. Mawaziri walikuwa wakija kujichagulia suti na hakuna aliyewatambua mpaka walipoinuka.

Mwanamke ambaye habari hizi ni zake aliitwa Bi. Stumai. Aliuza makoti na suruali kwenye kona ambapo uchochoro wa viatu hukutana na mfereji wa maji machafu. Kona hiyo aliachiwa na mama yake, aliyeipata enzi ile wageni walipofunga virago na kutelekeza masanduku ya nguo ambazo hazikuenea melini. Stumai hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na kona. Na nia yake duniani ilikuwa moja tu, kumwachia binti yake Chausiku kona ile kama yeye alivyoachiwa.

Kona ilikuwa imepitia mengi. Katika Zama za Heshima ya Taifa serikali ilipiga marufuku mitumba, ikisema raia huru hawezi kuvaa suruali iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Askari waliwavua watu barabarani. Ukitaka suruali yako, ulikwenda kuinunua kwa mke wa mkuu wa kituo, ambaye alikuwa na lugha nzuri kwa wateja. Zikafuata Zama za Biashara Huria, serikali ikalibariki soko, na halikukaa sana likaungua. Taarifa rasmi ikasema ni hitilafu ya umeme. Soko halikuwa na umeme. Serikali ikaona aibu kuonekana imesema uongo, ikaleta nguzo na nyaya, na mwaka uliofuata soko likaungua kwa umeme kweli. Kila lilipoungua, Stumai alifagia jivu, akatandika turubai palepale, akafungua belo jipya.

Kufungua belo ni shughuli. Belo hununuliwa limefungwa, bila kujua limebeba nini, na linapokatwa kamba watu huwa wamekwisha kulizunguka kama harusini. Mkono wa kwanza kushika ndio wenye nguo.

Basi asubuhi moja Stumai alikuwa ameshika kisu, wateja wamemzunguka, Chausiku anawasukuma nyuma kwa kiwiko, ndipo ilipoingia Tume.

Ilikuwa Tume ya Kuandika Historia ya Kijamii ya Soko la Inama kwa Ajili ya Jubilei. Mwenyekiti wake aliitwa Profesa Dokta Kanali Mstaafu Ndulute. Alikuja na wajumbe, na makatibu wa wajumbe, na mtu wa kumshikia mwavuli, na wote wakasimama juu ya turubai la Stumai, wakikanyaga bidhaa.

“Mama,” akasema Profesa, “kwa mujibu wa hadidu za rejea tulizopewa, tunataka kubaini chimbuko la mavazi haya. Yalikuwa ya nani, na yamefikaje mikononi mwako?”

Stumai alitazama wateja wake wanavyoanza kutawanyika. Mama yake alikuwa na jibu kwa mnunuzi msumbufu, yule anayegeuza koti mara hamsini akilalamikia kifungo. Wazee wa soko walizoea kuziita nguo hizi kafa-ng'ambo, wakiamini hakuna mtu mwenye akili anayegawa koti zima akiwa bado anapumua. Stumai hakuwahi kuliamini hilo, lakini jibu lilikuwa karibu na ulimi.

“Wenyewe wamekufa, baba,” akasema. “Aliyevaa hii kafa, aliyevaa ile kafa. Wewe unataka na roho zao?”

Wateja wakacheka. Profesa hakucheka. Alivua kofia. Wajumbe wakavua kofia. Mshika mwavuli, ambaye hakuwa na kofia, akafunga mwavuli. Wakasimama kimya juu ya suruali, na walipoondoka walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole.

“Mama,” Chausiku akasema, “wale wameandika.”

“Waandike. Shika upande huo, tukate kamba.”

Kabla belo lile halijaisha, redio ikatangaza Sheria ya Mirathi ya Mavazi. Waziri wa Wafu, Utamaduni na Mauzo ya Nje alikuja mwenyewe kuisomea sokoni, akiwa amevaa suti ambayo Chausiku aliikumbuka vizuri.

“Ndugu wananchi,” alisema Waziri, “kwa miaka mingi taifa letu limekuwa likivaa maiti bila kuzipa pole. Tumerithi bila mirathi. Tumevua bila kulia. Ulimwengu unatutazama, na unatutazama tukiwa tumevaa suruali zake. Kuanzia leo hakuna vazi litakalouzwa kabla mwenye nalo hajafanyiwa matanga kamili, akaombewa, akasajiliwa katika Daftari la Marehemu wa Ng'ambo. Serikali yenu sikivu imesikia kilio ambacho ninyi bado hamjakilia.”

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wanapiga makofi.

Soko likalia. Mwanzoni walijaribu kulilia kila shati peke yake, lakini kabla ya adhuhuri watu wazima walikuwa wamekauka koo na turubai bado limejaa. Ndipo Bi. Mkunde, jirani yake Stumai anayeuza nguo za watoto, akavumbua matanga ya jumla. Belo linawekwa katikati, wanawake wanalizunguka, wanalia mara moja kwa niaba ya wote waliomo, mkaguzi anagonga muhuri, kamba inakatwa, na kila kola inapigwa namba ya muhuri huo. Soksi zilifanyiwa matanga ya pamoja hata kama hazikuwa pacha.

Na biashara, usishangae, ikanoga. Watu wa mjini ambao hawakuwahi kukanyaga Inama wakaja kutoa rambirambi, na mtu akishatoa rambirambi huona vibaya kuondoka bila chochote. Wateja wakaacha kubishania bei mbele ya wafiwa.

“Huyu alikuwa mtu wa namna gani?” mteja mmoja alimuuliza Chausiku, akipapasa koti la sufi.

“Mkarimu, kaka. Mabega yale unayaona? Alibeba ukoo mzima.”

“Na hili tobo?”

“Ndilo lililomuua.”

Stumai alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani wameishinda sheria.

Siku moja tu hawakucheka. Ilikuwa zamu ya belo la Bi. Mkunde. Wanawake walilizunguka kama kawaida, wakaanza kulia kile kilio chao cha kazi, na hapo kamba ikakatika yenyewe na vigauni vikamwagika, na viatu vya kusuka vya mtoto ambaye hajaanza kutembea. Bi. Mkunde aliokota kimoja. Kilio kikabadilika. Mkaguzi aligonga muhuri wake, akasubiri wanyamaze, hawakunyamaza, akaondoka. Nguo za belo lile hazikununuliwa siku ile, na Mkunde hakurudi sokoni.

Daftari nalo likawa linajaa. Wizara ilipofunga hesabu za mwaka iligundua kwamba eneo la Inama lina marehemu wengi kuliko makaburi yote ya nchi yakijumlishwa. Waziri akarudi na hotuba nyingine. Alisema ni jambo la kujivunia. Alisema mataifa makubwa yana maghorofa, sisi tuna wafu wao. Akatangaza kwamba soko limepandishwa hadhi kuwa Makaburi Makuu ya Taifa, na kwa kuwa sheria za nchi haziruhusu mtu yeyote aliye hai kufanya biashara makaburini, wafanyabiashara wahame mara moja. Waliouliza wahamie wapi waliambiwa wasilete siasa mbele ya marehemu.

Sasa Stumai akaona alichokifanya. Hakumweleza mtu. Alijifunga khanga, akaenda Wizarani, akakaa kwenye benchi la wafiwa mpaka akaitwa na Msajili Mkuu Msaidizi, Bw. Ligoneko, mtu mpole mwenye sauti ya mtu anayezungumza karibu na kitanda cha mgonjwa.

“Pole sana, mama. Umefiwa na nani?”

“Sijafiwa, mwanangu. Nimekuja kusema yale maneno niliyomwambia Profesa yalikuwa utani. Wenye nguo hawajafa. Wamezichoka tu.”

Bw. Ligoneko aliweka kalamu chini polepole.

“Mama yangu, Mkuu wa Nchi alilia kwenye televisheni. Mke wake alivaa kaniki. Bendera imekuwa nusu mlingoti mpaka kamba imeoza. Unataka nikapeleke taarifa juu kwamba serikali imelia bure?”

“Nataka kona yangu tu. Niliachiwa na mama, nimwachie binti yangu.”

“Nakuelewa. Niletee basi mmoja. Mmoja tu aliye hai katika hawa waliosajiliwa, nami nitafungua jalada.”

Alisema hivyo kama mtu anayemtuma mwenziwe akamletee kivuli cha jana. Lakini siku ya kuzindua Makaburi Makuu walialikwa wageni kutoka ng'ambo, waje waweke mashada kwa ajili ya watu wao. Mmoja alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyefika mpaka kwenye kona ya Stumai, ambaye alikuwa bado hajahama, akainama kuweka shada, akabaki ameinama. Kisha akalivuta koti moja la kahawia kutoka kwenye rundo, akaingiza kidole kwenye tobo la moto mfukoni, halafu akatoa kiko mfukoni mwake na kukipachika pale. Kilikaa sawasawa. Mzee akacheka kama mtoto. Akamweleza mkalimani kwamba koti ni lake, alilitoa sadaka mwaka ule mke wake alipomwambia linanuka.

Stumai alimshika mkono hakumwachia. Alimvuta kutoka sokoni mpaka Wizarani, mkalimani anakimbia nyuma, Chausiku amebeba koti.

“Huyu hapa,” akasema, akihema. “Anacheka, anavuta kiko, mguse.”

Bw. Ligoneko alisoma namba ya muhuri kwenye kola, akapekua daftari, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Koti hili limeliliwa vizuri sana,” akasema. Akamgeukia mzee. “Marehemu, karibu uketi.”

Mkalimani akatafsiri. Mzee akasema kwa heshima kwamba yeye yu hai.

“Wengi huanza hivyo,” Bw. Ligoneko akamwambia Stumai. “Ni hatua ya kwanza. Baadaye hukubali.”

“Lakini unamwona.”

“Mimi namwona, mama. Ofisi haimwoni.”

Akamwomba mgeni pasipoti, akaigonga muhuri. Ubalozi wa mzee ulipoarifiwa, ulikuwa katikati ya mazungumzo ya mkataba wa kuuza mabelo zaidi, kwa hiyo ukatuma shada. Mzee aliondoka nchini kwa ndege, sehemu ya mizigo, kwani marehemu hauziwi tiketi ya abiria. Kabla ya kwenda alimwomba Stumai koti lake, kwa ajili ya baridi ya huko chini. Bw. Ligoneko akakataa. Marehemu hawezi kujirithi.

Stumai alirudi kwenye benchi la wafiwa, akakaa. Baada ya muda aliinuka akaingia tena ofisini bila kuitwa.

“Nieleze kitu kimoja,” akasema. “Nani anaruhusiwa kukaa Makaburi Makuu?”

“Marehemu tu, mama.”

“Na marehemu akiwa na vitu vyake hapo, akimpa mwenzake, mwenzake akamshukuru kwa chochote alichonacho?”

Bw. Ligoneko alifikiri. “Sheria haijaingilia uhusiano wa wafu.”

“Basi niandike.”

“Mama,” Chausiku akasema.

“Nyamaza wewe. Niandike. Stumai binti Mfaume. Nimekufa leo.”

Alifanyiwa matanga ya jumla pamoja na belo la mashuka, akarudi kwenye kona yake siku hiyohiyo. Wenzake waliposikia walijipanga foleni mpaka barabarani. Na kwa kuwa mji mzima ulivaa kutoka Inama na mlangoni sasa palikuwa na askari wa kuwazuia walio hai, wanunuzi nao wakaanza kujiandikisha, kwanza wanaotaka viatu, kisha wanaotaka sare za shule. Ulipofika uchaguzi Mkuu wa Nchi alishinda kwa kura za wafu wote bila hata mmoja kuharibika. Katika hotuba yake aliwashukuru. Alisema nchi yetu sasa ndiyo pekee duniani ambayo hata marehemu wana imani na serikali yao.

Chausiku hakujiandikisha. Alikuwa na mtoto mwenye kifua, na marehemu hapokelewi hospitali na mtoto mikononi. Kwa hiyo akawa anakuja getini na chakula, Stumai anatoka kukipokea, wanakula wamekaa juu ya mtaro, mmoja yu hai, mwingine sivyo.

“Hujanenepa,” Chausiku alimwambia siku moja. “Watu wakifa hupumzika.”

“Nani kakwambia? Tangu nife sijakaa chini.”

“Rudi nyumbani, mama. Acha hiyo kona.”

“Nyumbani gani? Mwenye nyumba ameshapangisha chumba changu. Anasema alinililia.” Akamega tonge. “Na kona nikiiacha itachukuliwa. Wewe muuguze mtoto apone. Akipona utakuja kujiandikisha, utandike pale. Pazuri pale, mfereji wenyewe umeziba, haunuki kama zamani.”

Mtoto hakupona haraka. Na siku moja ya joto kali Stumai akaegemea rundo la makoti kama mtu anayesikiliza mteja, wateja wakageuza na kugeuza, wakauliza bei, hakujibu.

Chausiku aliitwa getini. Askari walimzuia kuingia kwa kuwa yu hai. Alimpigia magoti Bw. Ligoneko, aliyekuja kwa sauti yake ya upole.

“Nipeni nikamzike. Halafu nipeni kona, alisema ni yangu.”

“Dada yangu, kuzika haiwezekani. Kwenye daftari tulikwisha kumpumzisha. Kufa mara ya pili hakutambuliki kisheria, kunaharibu takwimu.”

“Basi mwacheni hapohapo. Si makaburini? Si ndipo mahali pake?”

Bw. Ligoneko alionekana kuumia kweli.

“Hilo ndilo lililonileta. Kuna malalamiko. Marehemu huyu tangu asubuhi hafanyi biashara, na anawazibia wenzake. Kanuni ziko wazi, kona isiyofanya kazi inarudi Wizarani. Kaburi halirithiwi, dada. Kona imeshapata mtu, ni mpwa wa Mheshimiwa, amejiandikisha leo.”

Askari wakamtoa Stumai getini juu ya turubai lake, wakamlaza kwenye mtaro miguuni pa bintiye, wakarudi ndani na turubai, kwa sababu lilihesabiwa kuwa la kona. Chausiku alitazama huku na huku. Kwa upande wa mji, mama yake alikuwa amekufa zamani na makaburi mengine yote yalikuwa yamefungwa kwa kukosa wafu. Kwa upande wa soko, alikuwa amefukuzwa kwa uvivu. Akavua khanga yake, akamfunika.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia, nikiwasimulia wenzangu kwenye benchi la kahawa, pale Shomvi muuza kahawa alipotua birika lake.

“Mzee,” akasema, “nimekufuata vizuri toka mwanzo. Umesema aliye hai haingii mle sokoni.”

“Ndiyo sheria yao.”

“Na yule mama alivyoegemea makoti, umeona.”

“Kwa macho haya.”

“Basi wewe ama ni mwongo ama ni marehemu. Tuambie tu, tujue tunakupa kahawa au rambirambi.”

Benchi zima likanigeukia. Na bahati yangu ilivyo, mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa yule bwana wa ofisi ya mafao, aliyekuja mtaani kwetu kuhakiki wastaafu walio hai ili wengine waondolewe kwenye malipo. Akaacha kunywa. Akanitazama kwa hamu ya kikazi, akafungua kalamu.

“Mwongo,” nikasema upesi. “Niandike mwongo.”

“Kwa hiyo soko hakuna,” Shomvi akasema.

“Hakuna.”

“Na Stumai?”

“Hakuna. Hakupata kuwapo.”

Adhabu ya mwongo pale kwetu ni kahawa ya benchi zima, na kashata juu yake. Nikalipa. Wakanywa taratibu, na sikumwona aliyefurahi. Bwana wa mafao alipomaliza kashata yake alipangusa vidole, akaniomba nisimame, nitembee hadi kwenye ukuta na kurudi, ahakikishe.